Kolo, Kondoa: nimerudi kwenye ukuta niliomwagia maji miaka 20 iliyopita

Mtembezi Polepole:

Salaam wanajamvi.

Uzi huu nimeuahirisha tangu nirudi safari. Leo nauandika wote kwa mkupuo, mnivumilie kwa urefu.

Mwaka 2004 nikiwa kidato cha pili tulipelekwa Kolo, wilaya ya Kondoa, kuona michoro ya kale kwenye mapango. Somo la historia, mada ya Zama za Mawe. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, tulisimama nyuma ya lori tangu alfajiri, tukafika kope zote nyekundu. Kule juu mwongozaji alitangulia na kundi la kwanza. Sisi wa nyuma tukabaki tunakodolea mwamba, hatuoni kitu zaidi ya madoa. Mwalimu mmoja akanipa chupa ya maji, maana nilikuwa mrefu kuliko wenzangu, akasema mwagia hapo juu uone. Nikamwagia. Twiga akatokea! Shingo, kichwa, miguu, mwekundu kama aliyechorwa asubuhi ile. Darasa zima likashangilia, kila mtu akataka aone zaidi, nikamaliza chupa mbili. Dakika chache baadaye jua likayanywa maji yote, twiga akarudi alikotoka.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nikiwasimulia watu kuhusu Kolo, tena kwa fahari.

Mwezi wa nane nilikuwa natoka Arusha kwenda Dodoma kwenye shughuli ya familia, na nilikuwa na siku mbili za ziada. Nikamwambia konda anishushe Kolo.

Kwa asiyepajua, Kolo ni kimji kidogo kando ya barabara kuu, kaskazini ya Kondoa mjini, kama nusu saa kwa gari. Zamani kufika kule ilikuwa kazi kweli. Tangu lami ya Dodoma–Babati ya kilomita 251 ifunguliwe mwaka 2018, mabasi yanapita kwa kasi kiasi kwamba ukisinzia umepitiliza. Kuna maduka machache, msikiti, mafundi pikipiki, akina mama wanauza karanga na ndizi. Nilikuta msimu wa mavuno umekwisha, magunia ya alizeti yamepangwa barazani yanasubiri wanunuzi. Nyuma ya nyumba kuna mto wa mchanga uliokauka, na ng'ambo yake vilima. Ukiambiwa kwamba vilima hivyo viliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, unageuka tena kuviangalia, maana havijitangazi hata kidogo.

Pale kijijini kuna ofisi na chumba cha makumbusho. Unajiandikisha, unalipia, unapewa mwongozaji. Hakuna kupanda peke yako, na baada ya haya nitakayoeleza mtaona kwa nini. Mimi nilipangiwa mzee mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache. Tulipanda bodaboda mbili, njia ya mchanga na mawe, karibu kilomita kumi, kisha tukapanda kilima kwa miguu. Mpando ni mkali lakini si mrefu.

Neno "mapango" lisiwadanganye. Si mashimo ya giza ya kuingia na tochi kama Amboni kule Tanga. Ni majabali makubwa yaliyopasuka, sehemu ya juu imening'inia mbele kama upenu wa nyumba, na chini yake ukuta ulionyooka. Upenu huo ndio uliozuia mvua karne zote hizi. Ukisimama hapo ukageuka unaona bonde lote na nyika ya Wamasai ikipotelea kwenye ukungu. Waliochora walichagua baraza lenye kivuli na mandhari.

Michoro yenyewe ni ya aina mbili kubwa. Iliyo maarufu ni ile myekundu, ya wawindaji na wakusanya matunda na mizizi. Rangi yake ni udongo wenye chuma uliosagwa. Wanyama wapo tele: twiga, tembo, pofu, swala. Lakini kilichonishika ni watu. Wamechorwa warefu, wembamba mno, vichwa vimebeba nywele au mapambo makubwa. Mzee alinisogeza mbele ya mmoja, akaniambia niangalie mgongo tu. Mstari wa mgongo ule ni mwembamba kama unyasi, umevutwa kutoka bega hadi kisigino kwa mpigo mmoja, hakuna mahali mkono ulipotetemeka. Nilijaribu kuufuata kwa kidole hewani, mbali na ukuta, sikuweza kufanya mkunjo ule mara moja.

Aina ya pili ni michoro myeupe, ya baadaye zaidi, inayohusishwa na wakulima na wafugaji wa Kibantu. Hiyo ni minene, imepakwa kwa vidole, maumbo na alama nyingi. Mahali pengine nyeupe imepita juu ya nyekundu.

Sasa nifike nilikokuwa nakimbilia. Twiga wangu nilimtambua kwa ufa wa mwamba, una umbo la njia panda. Yupo. Lakini juu yake umetanda utando mweupe kama chumvi inayobaki kwenye shati lililoloa jasho likakauka, na umeshuka kwa michirizi mpaka kiunoni kwangu. Nikamuuliza mzee ile ni nini. Akajibu: "Ni maji. Watu humwagia ili wapate picha. Maji yanaingia kwenye jiwe, yanayeyusha chumvi iliyomo, yakikauka chumvi inakuja juu na kukaa. Kila ukimwagia inaongezeka."

Nilikaa kimya kidogo, kisha nikamwambia kuwa mimi ni mmoja wao, mwaka 2004, chupa mbili. Hakunigombeza. Alisema kabla yangu walimwagia na baada yangu walimwagia. Nikauliza kama utando unaweza kufutwa. Akasema wewe ukikwangua utando, na rangi iliyo chini inatoka nao.

Nimeyaleta haya hapa kwa sababu najua humu wamo walimu, madereva wa watalii, na watu wanaopita njia ile kila mwezi. Shukeni Kolo. Laleni hata usiku mmoja. Chupa ya maji ni ya kunywa.

---

Mama Zuhura:

Mkuu, umenigusa kweli. Mimi ni mwalimu wa msingi na mwakani tunapanga kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita. Swali langu ni lile lile lililowasumbua nyie: mtoto akifika asione kitu unafanyaje? Nimewahi kuona picha za Kolo kwenye simu, michoro inang'aa, lakini wenzangu waliokwenda wanasema ukifika ni madoa tu.

---

Mrangi wa Bereko:

Ahsante mleta uzi. Mimi ni wa huko huko, babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kolo. Niongeze jambo ambalo wageni hulipita haraka.

Kati ya majabali yale kuna moja linaitwa Mungomi wa Kolo. Kwetu lile si kumbukumbu ya kale. Watu wanakwenda mpaka leo kuomba mvua, kuganga wagonjwa, kutoa sadaka. Warangi wengi ni Waislamu, na mzee anaweza kuswali alfajiri msikitini na mvua ikichelewa akaandamana na wenzake kwenda kilimani, haoni kwamba anajipinga. UNESCO wenyewe walipoorodhesha eneo hili walitaja wazi kwamba mila hizi zinazoendelea ni sehemu ya thamani yake.

Kwa hiyo mgeni akikuta watu wako pale na shughuli yao, asivute simu akapiga picha. Akae mbali asubiri, au aende kwenye jabali jingine. Mwongozaji atakuambia.

---

Mtembezi Polepole:

Mzee wangu Mrangi, shukrani sana. Siku niliyokwenda hapakuwa na watu, lakini kwenye ufa wa jabali nilikuta majivu na kibuyu kilichopasuka. Mzee alivipita kwa upande, hakuvisogeza kwa mguu.

Mama Zuhura, swali lako ni zuri. Nilivyoelekezwa ni hivi. Ukitoka juani ukasimama mbele ya ukuta, macho hayaoni. Wakalishe watoto chini, kivulini, migongo yao iwe upande wa mwanga, dakika tano bila kuuliza chochote. Kisha waanze na kitu kimoja kikubwa, mathalani tembo, mwongozaji awaonyeshe kwa mbali kwa kutumia kijiti, asiguse. Jicho likishapata kimoja, vingine vinaanza kujitokeza vyenyewe. Mimi mwanzoni niliona wawili, baada ya robo saa nilikuwa nahesabu ishirini.

Na zile picha zinazong'aa nyingi zimepitishwa kwenye kompyuta. Iko programu inaitwa DStretch ambayo watafiti wa michoro ya miambani wanaitumia. Unapiga picha jiwe likiwa kavu, bila flashi, programu inatenganisha rangi na kukuza nyekundu, na mnyama ambaye jicho halimwoni anatokea kwenye kioo. Ukuta haujaguswa.

---

Nguzo Nane:

Mimi napita njia ile kila wiki, ni dereva wa mizigo Dodoma–Arusha. Miaka yote kibao nakiona, sijawahi kusimama. Nina maswali mawili, wakuu. Michoro ile ina umri gani hasa? Na nani alichora, maana nasikia wengine wanasema Warangi, wengine wanasema Wareno, wengine Wamasai.

---

Mtoto wa Farkwa:

Ngoja mimi nijibu la nani, maana linanihusu. Kwetu ni Farkwa, mimi Msandawe.

Si Wareno, hilo liondoke kabisa. Michoro myekundu inahusishwa na watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda, na katika watu waliopo leo Wasandawe ndio wanaotajwa kuwa karibu zaidi nao. Lugha yetu ina sauti za vidoko, zile za kugonga ulimi, tofauti na Kirangi au Kigogo. Sasa hivi wengi wetu tunaishi Chemba, kusini-magharibi ya Kolo, lakini zamani eneo la wawindaji lilikuwa kubwa. Katika karne ya 20 watafiti walikaa kwa wazee wetu wakaandika habari za watu waliochora miambani ndani ya kumbukumbu za familia. Kwetu kuchora hakukuwa jambo la hadithi za kale tu.

Kuna ngoma yetu inaitwa simbo. Watu wanacheza mpaka mmoja wao anazidiwa, roho inapanda, anakuwa kama simba. Wenzake wanamshika asianguke. Nasema hivi kwa sababu ya mchoro mmoja maarufu wa Kolo, watu watano wembamba wamesimama kwa mstari, wa katikati ni kama anavutwa mikono pande mbili. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja na mumewe Louis mwaka 1951 wakakaa wakinakili michoro ya huko, aliuona mchoro ule kama mwanamke anayetekwa, anavutwa huku na huku. Watafiti wa baadaye wakasema hapana, hapo kuna mtu aliyepandwa, wenzake wanamshikilia. Mimi nilipouona kwa mara ya kwanza, kabla sijasoma lolote, nilimwona shangazi yangu kwenye ngoma.

---

Nguzo Nane:

Duh. Hilo la shangazi limenisisimua, kaka. Na umri?

---

Mtembezi Polepole:

Umri ni suala gumu, kwa sababu rangi ya udongo wenye chuma haipimiki kirahisi kama mkaa au mfupa. UNESCO wanasema kuta zile zimechorwa kwa angalau miaka 2,000, na wapo wataalamu wanaoamini ile myekundu ya mwanzo ni ya kale zaidi sana. Ila kuishi kwa watu pale kuna ushahidi wa ardhini. Pale Kisese, katika eneo hilo hilo, mtafiti wa mambo ya kale Ray Inskeep alichimba mwaka 1956 akapata shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Vitu vile vilihifadhiwa, na wataalamu walipovirudia miaka ya karibuni wakavipima upya, walipata umri wa zaidi ya miaka 40,000. Shanga, mkuu! Mtu alikaa chini ya jabali akatoboa kipande cha ganda katikati, akakisugua mpaka kikawa duara, ili avae.

---

Bahati Nasibu 01:

Naomba niulize bila kuonekana mbaya. Nimesikia tangu utoto kwamba Wajerumani walipokimbia wakati wa Vita ya Kwanza walificha fedha na dhahabu kwenye mapango ya Kondoa. Kuna ukweli? Nina jamaa zangu wamewahi kwenda na vifaa.

---

Mrangi wa Bereko:

Mdogo wangu, hukuuliza vibaya. Uvumi huo umekaa kwetu miaka mingi, na umetuumiza. Ukifika Mungomi wa Kolo utaona shimo mbele ya jabali. Limechimbwa na watu waliokuja usiku kutafuta rupia za Mjerumani. Wanakuja na ramani zilizochorwa sijui na nani, wanakuja na waganga. Sijawahi kumjua hata mtu mmoja aliyetoka na kitu.

Lakini angalia walichoharibu. Ndugu amezieleza shanga za Kisese. Zilipatikana kwa sababu udongo ulikuwa umelala tabaka kwa tabaka, la chini la kale, la juu la jana, na mchimbaji mwenye elimu alishuka polepole, anaandika kila kitu kimetoka tabaka gani. Mtafuta rupia anageuza vyote kwa usiku mmoja kama anayechimba choo. Baada ya hapo hata aje mtaalamu gani, udongo ule hausemi tena.

Waambie jamaa zako, tafadhali. Na wenyeji wa sasa wakiona tochi kilimani usiku wanapiga simu.

---

Bahati Nasibu 01:

Nimekuelewa mzee. Nitawaambia.

---

Mwana wa Dzitsoni:

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nawasoma nikiwa Kilifi, na nyuzi zenu zanirudisha nyumbani kabisa.

Kwetu kuna Panga ya Saidi, pango kubwa la mawe ya chokaa, ndani ya msitu, karibu na kijiji cha Dzitsoni. Lina paa lililoporomoka, miti imeota katikati, ukiingia ubaridi unakupokea. Wazee hwenda kuomba huko toka zamani, kama huko kwenu Mungomi. Wachimbuaji kutoka Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo walianza kazi hapo mwaka 2010. Wakaja wakapata mifupa midogo sana, laini kama unga, hata haikuweza kutolewa moja moja. Ikabidi waizungushie plasta bonge zima la udongo, ikapelekwa Nairobi, halafu Burgos huko Uhispania. Mwaka 2021 ikatangazwa kuwa ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale kabisa la mtu wa aina yetu lililopatikana Afrika. Wamempa jina la Mtoto, kwa Kiswahili hivyo hivyo.

Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kilivyokaa chaonyesha kilikuwa kimewekewa kitu chini kama mto, kitu hicho kikaoza. Mimi nina binti wa umri huo. Siku niliyosoma habari ile sikuweza kufanya kazi tena.

Nalisema hili kwa sababu nimeona mnaongelea udongo. Lau angelikuja mtu na jembe akitafuta mali, Mtoto angelikuwa vumbi.

---

Mtembezi Polepole:

Kaka wa Kilifi, karibu sana. Habari ya huo mto wa kichwa sikuwa naijua. Nimeisoma mara tatu.

---

Kitongoji Kipya:

Naandika kutoka Ufaransa, niko huku kwa masomo. Mwaka jana nilikwenda Montignac, mji mdogo wa mashambani, mtulivu, una mto na daraja la mawe. Ule ndio mji wa Lascaux, pango lenye michoro ya kale, na tangu 2020 wameliongeza jina la pango kwenye jina la mji wenyewe.

Pango lile liligunduliwa na vijana mwaka 1940, likafunguliwa kwa watalii 1948. Watu walimiminika. Kumbe pumzi zao tu, joto la miili, hewa chafu na taa vilitosha kuotesha mwani wa kijani na ukungu juu ya michoro. Mwaka 1963 wakalifunga. Mpaka leo mgeni haingii. Mimi niliona nakala, jengo zima limeundwa kufanana na pango, kila ng'ombe na kila farasi amechorwa upya mahali pake. Ni kazi nzuri mno, lakini muda wote nilijua niko ndani ya nakala.

Je, si bora na Kolo pafungwe mapema kabla hayajafika huko? Nauliza kwa nia njema.

---

Mrangi wa Bereko:

Nia yako naiona, mwanangu. Lakini pale hapafungiki. Kwanza si chumba, ni ukuta ulio wazi, upepo unapita, pumzi za watu haziwezi kufanya yale ya Ufaransa. Pili, ukiweka geti Mungomi umewafungia watu mahali pao pa kuomba. Mnamo 1937 serikali ya kikoloni ilitangaza maeneo haya kuwa kumbukumbu za kulindwa, na wenyeji hawakuacha kwenda.

Nitasema na upande wetu, maana haki ni haki. Katika sadaka kuna watu wanaorusha pombe ya asili na mafuta ya mnyama ukutani. Hayo nayo yanaharibu michoro, wataalamu wamesema na mimi nimeona kwa macho, ukuta umepiga weusi wa kunata. Babu yangu alikuwa akimimina chini, mlangoni mwa jabali, taratibu, kibuyu kikiwa karibu na ardhi. Sikuwahi kumwona akirusha. Nilipokwenda na wazee mara ya mwisho nililisema hilo mbele yao, kwamba marehemu alimimina chini. Wawili walikubali kwamba hata wao walifundishwa hivyo. Mmoja hakukubali. Tutaendelea kuzungumza.

---

Mtoto wa Farkwa:

Mzee hapo umesema neno zito, na kulisema mbele ya wazee si rahisi. Hongera.

Mimi langu kwa Kitongoji Kipya: hizi kuta zina walinzi wachache kwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Majabali yaliyochorwa yanakadiriwa kuanzia 150 hadi 450. Hakuna geti litakalotosha. Wanaoyalinda kweli ni wanaolima chini yake na kuchunga mbuzi pale. Mgeni akilala Kolo, akila kwa mama lishe, akapanda boda ya kijana wa pale, yule kijana naye anapata sababu ya kumzuia mwenye chupa ya maji.

---

Nguzo Nane:

Wakuu, jana nilisimama. Nimeegesha gari Kolo saa tatu asubuhi, nimepanda. Kwanza viatu, mimi nilikwenda na ndala, msifanye hivyo. Pili, mwenye gari dogo ajue ile njia ya kilimani ina mchanga mwingi, boda inafaa zaidi, na masika korongo likijaa hampiti. Ukiwa na siku nzima waambie wakupeleke na Fenga, kuna tembo amenaswa na watu wamemzunguka, na Pahi ambako ndiko kwenye ile myeupe.

Nilikula ugali wa uwele na mlenda pale pale barabarani. Nimempigia simu mke wangu nikamwambia tutarudi na watoto.

Kitu kimoja. Korongo zile nyekundu njiani niliuliza, nikaambiwa ardhi ilikuwa imekwisha kabisa kwa mmomonyoko, ndiyo maana mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianzishwa mwaka 1973 na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa eneo lote ili majani yaote. Sasa kuna miti. Miaka yote napita nilidhani vilima vile vimekuwa hivyo siku zote.

---

Mtembezi Polepole:

Kaka umenifurahisha! Wenyeji wanaikumbuka sana hiyo 1979. Mzee wangu alisema baba yake alihamisha ng'ombe wote, akabaki na jembe tu.

---

Mama Zuhura:

Narudi kwenye uzi huu baada ya miezi kadhaa kuleta mrejesho. Tumekwenda. Watoto 38, walimu watatu, mwezi wa saba, baridi ya asubuhi. Chupa zote za maji tuliziacha chini kilimani na mwalimu mmoja, watoto wakanywa kabla ya kupanda na baada ya kushuka.

Nilifanya ulivyosema. Niliwakalisha kivulini, migongo kwenye mwanga, nikawaambia dakika tano hakuna kunong'ona. Dakika mbili za kwanza walicheka na kusukumana. Ya tatu wakatulia. Kabla hata mwongozaji hajainua kijiti, mtoto mmoja wa mbele, mdogo kuliko wote, ambaye darasani hanyanyui mkono, akasimama akasema, "Mwalimu, pale kuna twiga."

Wenzake wakasema yuko wapi, hatumwoni. Akasema, "Subirini."

---

Mtembezi Polepole:

Mama, samahani kwa kuuliza. Karibu naye kulikuwa na ufa wa njia panda?

---

Mama Zuhura:

Ndiyo. Yuko kushoto kwake. Ana utando mweupe, lakini shingo inaonekana yote.